Nani Alishika Daftari la Mali ya Umma?

Ni zaidi ya miaka 30 sasa tangu Umoja wa Kisovyeti uvunjike, mwezi Desemba 1991, na nchi 15 zikasimama kila moja na bendera yake. Tangu siku hizo mabingwa wa uchumi wamekuwa wakibishana juu ya swali moja: nchi ambayo Serikali ilimiliki kila kiwanda, kila duka na karibu kila shamba, inapotaka kubadili njia, iende kwa haraka au iende polepole? Wapo waliosema kwamba jipu hupasuliwa mara moja, na kulipapasa ni kumtesa mgonjwa. Wapo waliojibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba nyumba haibomolewi kabla ya kujulikana wenyeji watalala wapi. Kila upande una takwimu zake na wafuasi wake, na hata leo ubishi haujaisha.

Sisi tunadiriki kusema kwamba ubishi huo, ijapokuwa si wa kupuuzwa, umefunika swali lililo kubwa zaidi. Wakati mali iliyokuwa ya umma ilipokuwa ikibadili mikono, nani alishika daftari la mali hiyo? Na mwananchi wa kawaida, ambaye kwa jina ndiye aliyekuwa mwenye mali, alikuwa na njia gani ya kulifungua daftari hilo na kulisoma? Tukizitazama nchi zilizoachana na ukomunisti kwa jicho hili, tutaona kwamba zimo zilizokwenda mbio zikafika, na zilizokwenda mbio zikaanguka. Zimo zilizokwenda taratibu zikafika, na zilizokwenda taratibu zikaporwa njiani.

Yafaa kwanza tukumbuke urithi wenyewe ulivyokuwa. Katika utaratibu wa zamani, Kamati ya Mipango ya Serikali mjini Moscow, iliyojulikana kwa jina la Gosplan, ndiyo iliyoamua kiwanda gani kizalishe nini na kimpelekee nani. Bei haikutoka sokoni, iliandikwa ofisini. Kiwanda kilichokuwa katika jamhuri moja kiliweza kutegemea malighafi ya jamhuri ya pili na wateja wa jamhuri ya tatu. Siku Umoja ulipovunjika, mipaka iliyokuwa mistari tu katika ramani ikageuka kuwa vituo vya forodha.

Zaidi ya hayo, nyingi za nchi hizo zilipata uhuru wa bendera zikiwa bado zinatumia sarafu moja, yaani rubeli. Noti zilichapishwa Urusi, lakini benki kuu ya kila nchi mpya iliweza kutoa mikopo kwa rubeli hizo hizo. Kilikuwa chungu kimoja chenye miiko mingi: kila mmoja alichota, na hakuna aliyejali kutia unga. Urusi ilipoziachia bei zipande Januari 1992, majirani hawakuwa na hiari ila kufuata. Nchini Ukraine mfumuko wa bei wa mwaka 1993 ulipita asilimia 10,000. Maana yake ni kwamba kitu kilichonunuliwa kwa noti moja mwanzoni mwa mwaka kilihitaji noti zaidi ya mia moja mwishoni mwake. Akiba ambazo wazee walikuwa wameziweka benki kwa miaka mingi ya jasho ziliyeyuka kama barafu juani. Kwa hiyo mwananchi aliporwa kabla hata kiwanda cha kwanza hakijauzwa, na aliyempora alikuwa ni mashine ya kuchapa noti, iliyofanya kazi bila ya yeye kuulizwa.

Estonia, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kujitoa katika chungu hicho. Tarehe 20 Juni 1992 ilianza kutumia sarafu yake yenyewe, krooni, na thamani yake ikafungamanishwa na sarafu ya Ujerumani kwa kiwango cha krooni 8 kwa mark moja. Kila mkazi aliruhusiwa kubadilisha rubeli 1,500, kwa krooni moja kwa kila rubeli 10. La muhimu zaidi ni kwamba sheria iliikataza Benki Kuu kutoa krooni isiyokuwa na akiba nyuma yake, na sehemu ya akiba hiyo ilikuwa dhahabu iliyowekwa katika benki za Magharibi kabla ya Vita Kuu ya Pili na kurudishiwa wenyewe baada ya uhuru. Serikali ikawa haiwezi tena kuwachapishia marafiki zake noti. Viwanda navyo viliuzwa kwa zabuni zilizotangazwa hadharani, hata kwa wageni, na mnunuzi alipimwa kwa bei aliyotaja pamoja na ahadi zake za kuwekeza na kulinda ajira. Baraza la Mawaziri lililosimamia hayo tangu Oktoba 1992 liliongozwa na Mart Laar, kijana wa miaka 32.

Wapenzi wa haraka humsifu sana kijana huyo kwa kasi yake. Sisi tunaona kwamba somo kubwa zaidi limo katika namna alivyoanguka. Mwaka 1994 ilifichuka kwamba rubeli zaidi ya bilioni 2 zilizokusanywa kutoka kwa wananchi wakati wa kubadilisha sarafu zilikuwa zimeuzwa kwa siri, na fedha hizo zikaishia Chechnya. Mwezi Septemba mwaka huo Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani naye, naye akatoka ofisini. Hapakumwagika damu wala hapakuvunjwa kioo cha dirisha. Mwaka 1999 aliirudia nafasi hiyo hiyo kwa njia ya uchaguzi. Daftari lilifunguliwa mbele ya mkubwa mwenyewe aliyesifiwa dunia nzima, na nchi ikaendelea na safari yake hadi kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004.

Wala hatusemi kwamba Estonia ilikuwa pepo. Wakati katiba yake ilipopigiwa kura mwezi Juni 1992, karibu theluthi moja ya wakazi, wengi wao wasemaji wa Kirusi waliohamia wakati wa utawala wa Kisovyeti pamoja na watoto wao, hawakuwa raia na hawakupiga kura. Daftari lililofunguliwa kwa wengine lilibaki limefungwa kwao, na kovu la jambo hilo lilichukua miaka mingi kupona.

Sasa tuivuke bara tukaitazame Kirgizistani, nchi ya milima katika Asia ya Kati, nayo ilikwenda mbio. Rais wake wa kwanza, Askar Akayev, alikuwa mwanasayansi wa fizikia, na nchi za Magharibi zilimpenda. Mwezi Mei 1993 Kirgizistani ilianza kutumia sarafu yake, somu, kabla ya nchi nyingine yoyote ya ukanda huo. Mwezi Desemba 1998 ikawa ya kwanza miongoni mwa jamhuri zote za Kisovyeti za zamani kuingia katika Shirika la Biashara Duniani. Kwa kipimo cha kasi ilistahili nishani. Lakini mwaka baada ya mwaka madaraka yalizidi kukusanyika Ikulu na mikononi mwa jamaa wa mkubwa. Mwezi Machi 2005 umati ulivamia Ikulu na Akayev akakimbia nchi.

Aliyemfuata, Kurmanbek Bakiyev, hakujifunza. Mwanzoni mwa mwaka 2010 bei za umeme na za kupasha nyumba joto zilipandishwa wakati wa baridi kali, huku shirika la kugawa umeme la Severelektro likiuzwa kwa bei ambayo wananchi waliiona kuwa ya kutupa. Aprili 2010 watu walimiminika tena barabarani, na zaidi ya watu 80 wakauawa mjini Bishkek kabla ya Rais huyo wa pili naye kukimbia. Shirika hilo la umeme likarudishwa Serikalini. Oktoba 2020 Rais mwingine, Sooronbai Jeenbekov, alijiuzulu baada ya uchaguzi wa Bunge kuzusha ghasia. Na kwa miaka mingi vijana wa nchi hiyo wamekuwa wakienda Urusi kufanya vibarua, hata ikawa katika miaka fulani fedha wanazotuma nyumbani hufikia zaidi ya robo ya pato la taifa. Tukilinganisha, Estonia ilikuwa na mlango ambao daftari liliweza kutolewa nje likasomwa. Kirgizistani haikuwa na mlango huo, na wananchi wakalazimika kuvunja ukuta. Ukuta ukivunjwa, wanaofukiwa na kifusi mara nyingi si waliojificha ndani.

Wapenzi wa mwendo wa polepole nao wasishangilie, maana Ukraine ilikwenda polepole. Mnamo tarehe 1 Desemba 1991 zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wake waliukubali uhuru. Nchi ilikuwa na udongo mweusi wenye rutuba isiyo kifani, makaa, chuma, na mafundi waliosoma. Hata hivyo sarafu ya kudumu, hrivnia, haikupatikana mpaka Septemba 1996, ambapo fedha ya muda 100,000 ilibadilishwa kwa hrivnia moja. Mpaka kufikia mwaka 1999 uchumi wa nchi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Wananchi waligawiwa hati za kuwapa sehemu katika mali ya taifa. Lakini mtu aliyekuwa hajapokea mshahara kwa miezi kadhaa, akiwa hana taarifa yoyote ya hesabu za kiwanda, angefanya nini na karatasi hiyo? Wengi waliziuza kwa bei ya chini, na wenye fedha na wenye habari wakazikusanya. Mwendo wa polepole haukumpa mnyonge nafasi ya kujiandaa. Uliwapa nafasi hiyo wale waliokuwa karibu na sanduku.

Mfano mmoja watosha. Katika mji wa Kryvyi Rih kipo kiwanda kikubwa cha chuma kilichoitwa Kryvorizhstal, kilichojengwa na nguvu za wafanyakazi wakati wa Kisovyeti. Mwezi Juni 2004 Serikali ya Rais Leonid Kuchma ilikiuza kwa kiasi cha dola za Kimarekani milioni 800. Walionunua walikuwa kundi la matajiri wawili, Rinat Akhmetov na Viktor Pinchuk, na huyo wa pili ni mkwe wa Rais mwenyewe. Masharti ya zabuni yaliandikwa kwa namna iliyowaacha nje wageni waliokuwa tayari kulipa zaidi. Mwishoni mwa mwaka huo uchaguzi wa Rais uliingiwa na udanganyifu, wananchi wakakaa katika uwanja wa mjini Kyiv kwenye baridi mpaka uchaguzi ukarudiwa, na Serikali mpya ikaingia. Mahakama ikayabatilisha mauzo yale. Tarehe 24 Oktoba 2005 kiwanda kile kile kikauzwa tena, safari hii kwa mnada ulioonyeshwa moja kwa moja katika televisheni, na kampuni ya Mittal Steel ikakinunua kwa dola bilioni 4.8.

Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Ni matanuri yale yale, wafanyakazi wale wale na reli ile ile. Baada ya miezi 16 bei imekuwa mara sita. Ni kweli kwamba bei ya chuma duniani ilikuwa nzuri katika miaka hiyo, nasi tusiifiche sababu hiyo. Lakini hapana soko lililopanda mara sita kwa muda huo. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba mara ya kwanza daftari lilisomwa faraghani, na mara ya pili lilisomwa mbele ya taifa zima. Tofauti hiyo, takriban dola bilioni 4, ingekuwa pensheni, dawa na madawati. Hicho ndicho kipimo cha siri: kina bei, na mlipaji wake ni yule asiyealikwa kikaoni.

Tutaje nchi ya nne, Slovenia, iliyojitoa katika Yugoslavia tarehe 25 Juni 1991. Hiyo ilikwenda taratibu kwa makusudi. Bunge lake lilijadili kwa muda mrefu namna ya kugawa mali ya jamii, na sheria ikapitishwa Novemba 1992. Kila raia akapewa hati kwa kadiri ya umri wake, na wafanyakazi wakapata nafasi ya kununua hisa za viwanda vyao. Majadiliano yalikuwa ya wazi, na waliopinga walisikika. Slovenia ikawa ya kwanza kati ya nchi mpya za Umoja wa Ulaya kutumia sarafu ya euro, mwaka 2007. Lakini hata huko palibaki chumba kimoja kilichofungwa. Benki kubwa zilibaki mikononi mwa Serikali, na mikopo ikatolewa kwa kujuana. Mwaka 2013 mikopo hiyo iliposhindwa kulipika, Hazina ililazimika kuzijaza benki hizo zaidi ya euro bilioni 3. Mwanafunzi bora darasani aliadhibiwa kwa daftari moja tu alilolificha.

Tunajua yapo majibu yatakayotolewa. Mmoja atasema kwamba Estonia na Slovenia zina majirani matajiri, na kwamba Kirgizistani imezungukwa na milima. Ni kweli, na jirani mwema ni nusu ya riziki. Lakini Ukraine inapakana na Poland na ina bahari na ardhi kuliko hizo zote, na hayo hayakukilinda kiwanda cha Kryvyi Rih. Zaidi ya hayo, sharti la kuingia Umoja wa Ulaya lilikuwa kuonyesha mahakama huru na hesabu zinazokagulika. Kwa hiyo hata faida ya ujirani ilipitia katika daftari.

Mwingine, na huyu huenda ni ndugu yetu katika itikadi, atasema kwamba kosa lilikuwa kuuacha ujamaa. Tunamheshimu, lakini tunamwomba akumbuke habari ya pamba ya Uzbekistani. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya uongozi wa Sharof Rashidov, viongozi wa jamhuri hiyo walipeleka Moscow taarifa za pamba ambayo haikuwako shambani wala ghalani, na malipo yakatolewa kwa pamba hiyo ya karatasi. Ilipofichuka, viongozi wengi walikamatwa. Mali ilikuwa ya umma kwa jina, lakini umma haukuruhusiwa kuhesabu marobota. Basi walioiba wakati wa soko huria walikuta mlango umeshazoea kufungwa. Walichofanya ni kubadili kufuli.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana deni, pamoja na mwandishi mwadilifu na mashahidi. Haikusemwa kwamba watu wema hawahitaji kuandikiana. Imani ya mtu haikuhesabiwa kuwa badala ya kalamu. Vivyo hivyo msimamizi wa mali ya yatima huwaita mashahidi siku ya kumkabidhi, hata akiwa ni ami yake. Mali ya umma ni amana, na mwenye amana hatukanwi anapotaka kuiona.

Na jambo hili halikubaki Ulaya na Asia. Sisi nasi tulitaifisha mwaka 1967 na tukabinafsisha tangu miaka ya 1990. Wananchi wa Lindi na Mtwara wanavifahamu viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo katika miaka ya 1970. Vingi viliuzwa, na baadhi yake vikawa maghala, huku korosho ikiendelea kusafirishwa nje na maganda yake, pamoja na ajira zake. Hatulitaji hilo ili kuamsha ugomvi uliolala. Tunalitaja kwa sababu mauzo, mikataba na ubia wa mali ya umma haujaisha, katika Taifa, katika halmashauri na katika vyama vya msingi vya ushirika.

Wananchi wa Ukraine walijifunza kwa gharama kubwa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 2014 walianzisha utaratibu wa zabuni za Serikali uitwao ProZorro, ambao tangu mwaka 2016 umekuwa wa lazima, na ambao kila mtu mwenye simu anaweza kuona nani ameomba, kwa bei gani na nani amepewa. Hata baada ya nchi yao kuvamiwa na Urusi Februari 2022, wakati ambapo Serikali yoyote ingepata kisingizio cha kuficha kila kitu, wananchi wao wameendelea kudai hesabu zionekane. Ikiwa watu walio chini ya mabomu wanaona daftari si anasa, sisi tulio katika amani tuna udhuru gani?

Kwetu sheria haikosekani. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufikishwa Bungeni kila mwaka. Mkutano Mkuu wa Kijiji hutakiwa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusimama na kuuliza, na kiongozi wa kumsikiliza bila kukunja uso. Hapo makada wenzetu wana wajibu wa pekee. Mkulima anayeuliza ghala la ushirika limekodishwa kwa shilingi ngapi, na kwa nani, asiandikwe kuwa mchochezi wala asihesabiwe kuwa mpinzani. Huyo anaifanya kazi ambayo wananchi wa Kryvyi Rih walichelewa kuifanya, wakailipia. Mkutano ujao wa kijiji ukiitishwa, twende, tukae mbele, na tuombe daftari lisomwe kwa sauti mpaka ukurasa wa mwisho.